Neva Haijafa: Hotuba kwa Matabibu na Wauguzi Kuhusu Mailini na Ugonjwa wa Guillain-Barré

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliopo hapa, matabibu, wauguzi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na ndugu zetu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie mailini, yaani ganda lenye mafuta linaloifunika neva, na jinsi uharibifu wake unavyovuruga safari ya ujumbe ndani ya neva. Mada hii huwa inaandikwa ubaoni, inajibiwa kwenye mtihani, halafu inasahaulika. Naomba leo niishushe mpaka kitandani kwa mgonjwa, kupitia ugonjwa mmoja tu, Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili huishambulia neva. Nimeuchagua kwa sababu mtu anaweza kuingia kwenye zahanati yako Jumatatu akilalamika miguu mizito, Ijumaa akawa hawezi kuvuta pumzi, na mtu huyo huyo, akivushwa salama, akarudi kulima shamba lake. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii kilichoharibika kwanza ni ganda la neva. Neva yenyewe haijafa. Ndilo neno nililokuja nalo hapa, na mengine yote nitakayosema yanalielezea hilo.

Tuanze na neva iliyo salama. Kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo wa mtu mzima ni karibu mita moja. Ndani ya neva inayoshuka huko mna nyuzi nyingi sana, na kila uzi ni aksoni, yaani mkono mrefu wa seli moja ambayo mwili wake uko kwenye uti wa mgongo au pembeni yake. Nyuzi nene zimevikwa mailini, yaani utando wenye mafuta mengi ambao seli za Schwann huuzungusha tabaka juu ya tabaka. Seli moja ya Schwann hufunika kipande kimoja tu, kama milimita moja kwenye nyuzi nene, kisha panaachwa upenyo mdogo usioonekana kwa macho, halafu inaanza seli nyingine. Mfaransa Louis-Antoine Ranvier alivieleza vipenyo hivyo katika miaka ya 1870, na hadi leo tunaviita vifundo vya Ranvier.

Aksoni ikiwa imetulia, upande wake wa ndani ni hasi kwa takriban milivolti 70 ukilinganisha na nje. Ujumbe unapofika, milango ya sodiamu hufunguka, ayoni za sodiamu, yaani chembe zake zenye chaji, zinaingia, na kwa muda wa kama milisekunde moja ndani panageuka kuwa chanya. Kwenye uzi usio na mailini, kila sehemu ya utando lazima ifanye kazi hiyo kwa zamu, hatua kwa hatua, na ndiyo maana ujumbe huenda polepole, kati ya nusu mita na mita mbili kwa sekunde. Mkijikwaa kidole cha mguu, mnayajua yale maumivu ya pili, yanayochoma, yanayofika baada ya yale ya kwanza makali. Hayo yamesafiri kwenye nyuzi zisizo na mailini.

Kwenye uzi wenye mailini mpangilio ni mwingine kabisa. Milango ya sodiamu imerundikana kwenye vifundo, zaidi ya elfu moja katika kila mikromita moja ya mraba, na chini ya mailini karibu haipo. Kifundo kimoja kikiwaka, mkondo hukimbia ndani ya aksoni hadi kifundo kinachofuata bila kupotea njiani, na huko milango inafunguka upya. Andrew Huxley na Robert Stämpfli waliupima mkondo huo kwenye uzi mmoja wa neva ya chura, wakachapisha matokeo yao mwaka 1949, na ikaonekana wazi kwamba ujumbe huruka kutoka kifundo hadi kifundo. Nyuzi nene za binadamu hubeba ujumbe kwa mita 50 kwa sekunde na zaidi.

Sasa naomba tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo ugonjwa unapoonekana. Mita moja ya neva, kifundo kila milimita moja, ni vipande elfu moja. Kila kipande kikivukwa kwa mikrosekunde 20, safari nzima inachukua milisekunde 20. Kipande kilichovuliwa mailini kinaweza kuchukua hadi mikrosekunde 600 kuvukwa. Hilo limepimwa kwenye maabara kwa wanyama. Chukua vipande 50 tu kati ya elfu moja viwe na hali hiyo. Vile 950 vizima vitachukua milisekunde 19, vile 50 vitachukua milisekunde 30, jumla 49. Asilimia 5 ya njia imeugua, na safari imeongezeka zaidi ya mara mbili.

Kwa nini ichelewe kiasi hicho? Chukueni mpira wa kumwagilia bustani uliotobokatoboka. Maji yapo, bomba limefunguliwa, lakini yanavuja kando na yakifika mwisho hayana nguvu. Utando uliovuliwa mailini huvujisha mkondo kwa namna hiyo. Isitoshe, utando huo mtupu unahitaji kujazwa chaji kabla umeme wake haujabadilika, kwa hiyo mkondo mdogo uliobaki unagawanywa tena. Katika hali ya kawaida kifundo hupokea mkondo mara tano hadi saba zaidi ya ule kinaouhitaji ili kiwake. Hiyo ndiyo akiba yetu. Mailini ikipungua, akiba inapungua, na ujumbe unachelewa lakini unafika. Akiba ikiisha, kifundo hakiwaki. Ujumbe unakwama hapo hapo, na misuli iliyokuwa ikiusubiri inabaki imelegea ingawa ni mizima.

Huko kukwama ndiko kunakoleta udhaifu wa mguu na mkono. Wengi tunadhani kuchelewa ndiko kunakomlaza mgonjwa. Sivyo. Ujumbe ukichelewa milisekunde 30 lakini nyuzi zote zikaufikisha, mtu atatembea. Mgonjwa analala kitandani kwa sababu kwenye nyuzi nyingi ujumbe haufiki kabisa.

Lakini kuchelewa nako kuna kazi yake kwa mpimaji, nayo ni kubwa. Ukigonga chini ya goti kwa nyundo, ujumbe kutoka kwenye misuli ya paja unapanda kwa nyuzi nyingi kwa pamoja, unafika kwenye uti wa mgongo karibu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa umefika kwa pamoja unaweza kuamsha seli zinazoagiza misuli ikaze. Sasa uzi huu umechelewa kidogo, ule umechelewa zaidi, wa tatu umekwama. Ujumbe unafika umetawanyika, seli za uti wa mgongo haziamki, na goti haliruki. Ndiyo maana unaweza kumkuta mgonjwa ambaye bado anasimama, bado anatembea akishika ukuta, na magoti yake hayaruki kabisa. Nyundo imekueleza mapema. Wapo wachache ambao siku za mwanzo magoti yao bado yanaruka, kwa hiyo ukiyakuta yanaruka usimruhusu aende zake kwa sababu hiyo peke yake. Mpime tena kesho.

Na zile ganzi na sindano sindano za vidoleni? Aksoni iliyovuliwa mailini huweza kuwaka yenyewe bila kuagizwa. Ubongo unapokea habari ambayo hakuna aliyeituma. Mgonjwa akikwambia vidole vinawaka moto na wewe huoni kidonda wala uvimbe, anakwambia kweli.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl, waliandika kuhusu askari wawili walioishiwa nguvu miguuni na mikononi, na mirejesho ya viungo, kama ule wa goti kuruka likigongwa, ikapotea. Walitoa maji ya uti wa mgongo wakakuta protini nyingi na seli chache. Jambo hilo liliwatenga askari hao na wagonjwa wa maambukizi ya uti wa mgongo, ambao maji yao hujaa seli. Strohl ndiye aliyesimamia vipimo vya umeme, na jina lake ndilo lililoachwa nje ya jina la ugonjwa. Mimi huwa namtaja kila nikifundisha. Askari wote wawili walipata nafuu. Hata pale mwanzo kabisa, kabla ya dawa yoyote, ugonjwa huu ulishaonyesha kwamba njia ya kurudi ipo.

Unaanzaje? Karibu theluthi mbili ya wagonjwa huwa wameugua kitu kingine katika wiki chache zilizotangulia, mara nyingi kuhara au mafua na kikohozi. Bakteria anayehusishwa zaidi ni Campylobacter jejuni, ambaye tunampata kwenye kuku asiyeiva na maji machafu. Ganda la bakteria huyo lina kemikali zinazofanana na zile zilizo juu ya neva zetu, na kinga ya mwili iliyotengenezwa kumpiga yeye inageuka kuipiga neva. Katika aina nyingine seli za kinga huingia na kuimenya mailini kutoka kwenye aksoni. Niseme pia kwamba Guillain-Barré si mmoja. Ipo aina inayoshambulia aksoni moja kwa moja, nayo imeonekana kwa wingi kaskazini mwa China na Bangladesh. Kitandani huwezi kuzitofautisha kwa macho, na huna haja ya kuzitofautisha ili uanze kuokoa maisha.

Wenye kipimo cha umeme wa neva watazitofautisha aina hizo baadaye, na nataka mjue kinavyofanya kazi kwa sababu kinaonyesha kwa ushahidi hicho ninachokisema. Mtaalamu anagusa neva kwa umeme kwenye kifundo cha mkono, na misuli ya kiganja inaruka vizuri. Anagusa neva hiyo hiyo kwenye kiwiko, na misuli inaruka kidogo tu au hairuki. Maana yake ujumbe unakwama kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, lakini chini ya pale ulipokwama neva inafanya kazi. Neva iliyokatika haiwezi kuendelea kufanya hivyo. Ukiikata neva, kwa siku chache kipande cha chini bado hujibu, lakini siku kumi hivi zikipita kinakuwa kimekufa, na hata ukigusa jirani kabisa na misuli hupati jibu.

Tofauti hiyo ndiyo hatima ya mgonjwa. Mailini iliyovuliwa hujengwa upya. Seli za Schwann huongezeka, zinaizunguka aksoni, na baada ya wiki au miezi ujumbe unapita tena. Mailini mpya huwa nyembamba na vipande vyake vifupi, kwa hiyo kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha mwendo wa polepole kwa miaka, huku mwenye mwili akicheza mpira. Aksoni iliyokufa ni habari nyingine. Hukua upya kwa kama milimita moja kwa siku. Kutoka kiunoni hadi unyayoni ni siku elfu moja, karibu miaka mitatu, na misuli haivumilii kusubiri muda wote huo bila kudhoofika. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa bado hawezi kutembea bila msaada baada ya miezi sita. Uvimbe mkali uliomenya mailini, ukiachwa, huweza kuijeruhi na aksoni iliyokuwa ndani yake. Kwa hiyo siku zina thamani.

Na siku ndizo tunazozipoteza. Familia ikimwona kijana mwenye nguvu anapooza kuanzia miguuni, udhaifu ukipanda kila siku, na hakuna homa wala jeraha, wanatafuta maelezo wanayoyajua. Wengine watasema amerogwa, wampeleke kwa mganga. Sitawacheka hata kidogo, kwa sababu nasi tuna yetu: tunamwandikia dawa ya malaria, tunamwambia ni uchovu, tunampa vitamini na kumwambia arudi baada ya wiki. Wiki moja kwa ugonjwa huu ni ndefu mno. Wagonjwa wengi hufikia udhaifu wao wa mwisho ndani ya wiki mbili, na karibu wote ndani ya nne.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akija na udhaifu wa miguu yote miwili ulioanza ndani ya siku chache na unaopanda, mlaze. Gonga magoti na vifundo vya miguu. Mtazame uso kama unafumba macho vizuri. Muulize kuhusu maumivu ya mgongo, maana wengi huwa nayo na yanatupoteza njia. Fikiria pia yale yanayofanana. Homa kali mwanzoni na udhaifu wa upande mmoja zaidi ya mwingine vinaelekeza kwenye polio. Mkojo uliokwama tangu siku ya kwanza, pamoja na mpaka wa wazi kifuani au tumboni ambapo hisia zinaishia, unaelekeza kwenye uti wa mgongo wenyewe, na huku kwetu lazima ufikirie TB ya uti. Potasiamu iliyoshuka huweza kuleta picha ya karibu. Uliza na kuhusu kuumwa na nyoka.

Kisha nenda kwenye pumzi. Hapa naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Karibu robo ya wagonjwa wa Guillain-Barré huhitaji mashine ya kupumulia. Neva ya kiwambo, msuli mkubwa wa kupumua, inatoka shingoni na ina mailini yake, na mailini yake inaweza kumenywa kama ya mguu. Tatizo ni kwamba mgonjwa huyu haonekani kama mwenye pumu. Mara nyingi hahangaiki, wala hatumii misuli ya shingo kuvuta hewa, kwa sababu misuli hiyo nayo imelegea. Analala kimya. Kile kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma 97 mpaka muda mfupi kabla hajazimika. Msikitegemee.

Tegemeeni kinywa chake. Mwambie avute pumzi kwa nguvu zote, halafu ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kuvuta tena. Mtu mzima mwenye afya huvuka 20 bila shida. Asiyefika 20 yuko hatarini, na aliyekuwa anafika 30 asubuhi akaishia 18 jioni yuko hatarini zaidi, hata kama anatabasamu. Andika namba hiyo na saa, kila baada ya saa chache. Mwambie akohoe, sikiliza kama kikohozi kina nguvu. Mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Anayeshindwa kunyanyua kichwa, kiwambo chake pia kinaelekea kushindwa. Sauti ikianza kutokea puani au maji yakimpalia, acha kumlisha kwa mdomo. Vipimo hivi havigharimu hata senti moja.

Shinikizo la damu na mapigo ya moyo navyo huyumba, kwa sababu neva zinazoviongoza zimeguswa. Anaweza kupanda 180 na kushuka 80 ndani ya saa moja. Angalieni mara kwa mara, na msikimbilie kumpa dawa kali ya kushusha. Kwa wenzangu wa dawa za usingizi: suksamethoniamu, ile dawa ya kulegeza misuli, isitumike kwa mgonjwa huyu, inaweza kupandisha potasiamu na kuusimamisha moyo.

Matibabu yenyewe ni mawili yaliyothibitika. La kwanza ni kuchuja plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, mara nne au tano ndani ya wiki moja hadi mbili. La pili ni imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji, kwa mshipa, gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku tano. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 120, na mnajua bei yake. Familia nyingi haziwezi kuifikia. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga ambazo tunazo kabatini na tunapenda kuzitoa, hazisaidii ugonjwa huu. Mnisamehe nikisisitiza: hazisaidii, na zinatupa faraja ya uongo kwamba tumefanya kitu. Huko Bangladesh, madaktari wamejaribu kuchuja plazma kidogo kidogo kitandani kwa vifaa rahisi visivyohitaji mashine, na imeonekana inawezekana na ni salama. Naamini hospitali zetu za rufaa zinapaswa kuifuatilia njia hiyo kwa karibu.

Lakini hata pasipo dawa hizo, uuguzi unaokoa. Mgeuze kila saa mbili. Fumba macho yake yasikauke. Mpe dawa ya maumivu, maana maumivu ni makali. Zuia damu isigande miguuni. Nyoosha vifundo vya miguu na magoti mapema, mtaalamu wa viungo aitwe tangu siku za mwanzo. Na ongea naye. Huyu si mgonjwa aliyepoteza fahamu. Ubongo wake haujaguswa. Anasikia mnayosema juu ya kitanda chake, anasikia mkijadili kama atapona, anasikia ndugu wakilia. Akiwa kwenye mashine hawezi kusema, lakini mara nyingi anaweza kukonyeza. Kubalianeni, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Na mwambieni hiki ambacho nimekuwa nikiwaambia leo: ganda limeumia, neva yako nyingi bado ipo, ganda hilo linajengwa upya, inachukua muda.

Mwisho, karatasi. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla na viungo vikalegea, hata ukiwa na uhakika ni Guillain-Barré, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, na zikusanywe sampuli mbili za choo zilizopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Ndivyo nchi zetu zinavyohakikisha polio haijarudi. Na kwenye barua ya rufaa andika siku udhaifu ulipoanza, ulianzia wapi na umefika wapi, magoti yanaruka au hayaruki, na namba alizohesabu kwa pumzi moja pamoja na saa zake. Piga simu kule aendako kabla gari halijaondoka, uulize kama wana kitanda chenye mashine ya kupumulia. Ndani ya gari awemo muuguzi mwenye mfuko wa kupumulia na barakoa yake mkononi, anayejua kuvitumia, na njiani aendelee kumhesabisha.

Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa maswali.